Wageni wa Kisiwa cha Padre

Kusini mwa mji wa Corpus Christi, katika jimbo la Texas, kuna barabara ya lami inayokomea mchangani. Haikomi kwenye ukuta wala kwenye geti. Lami inakwisha, mchanga unaanza, na kuanzia hapo ufukwe wenyewe ndio barabara. Kushoto ni Ghuba ya Meksiko, kulia ni vilima vya mchanga vilivyoota majani, na mbele yako ni maili 60, karibu kilomita 97, pasipo nyumba, duka wala nguzo ya umeme. Anayetaka kulala huko hujaza kibali cha karatasi, kisha huendesha gari taratibu mpaka pale moyo utakapomwambia hapa panatosha. Hakuna kiwanja chenye namba. Hakuna anayeweza kupiga simu wiki mbili kabla akaambiwa mahali pake pamewekwa. Hata Malaquite, kambi ya jirani yenye vyoo na bomba za maji baridi za kujimwagia, ina nafasi 48 tu, na zote ni za anayewahi.

Hiki ndicho Kisiwa cha Padre, kilichopewa jina kwa ajili ya kasisi Nicolás Ballí aliyekuwa na ranchi ya mifugo hapo zamani. Mwaka 1962 Rais John F. Kennedy alitia saini sheria iliyoifanya sehemu yake kubwa kuwa hifadhi ya taifa, na leo hifadhi hiyo inalinda kipande kirefu kuliko vyote duniani cha kisiwa cha namna hii ambacho hakijajengwa. Kwa hiyo mahali pale pana mwenye kupatunza, ila hapana mwenye kupakodisha kwa majina. Ukifika, umefika kama mgeni. Na nadhani ni vyema mtu afike hivyo, kwa sababu wageni wengine wote wa kisiwa hiki hufika hivyo hivyo, na kila mmoja wao hukuta riziki yake imetangulia.

Tuanze na kisiwa chenyewe, maana ni ajabu hata kabla hujamtazama kiumbe aliye juu yake. Ni ukanda wa mchanga wenye urefu wa kilomita 182, na upana wake ni kilomita chache tu. Pengine hata kilomita moja haifiki. Hauna uti wa mwamba. Mito ilishusha mchanga baharini, bahari ikausukuma kurudi nchi kavu, upepo ukaujenga kuwa vilima, na majani yenye mizizi mirefu yakaja kuufunga usitawanyike. Kazi hiyo imechukua miaka elfu kadhaa na haijakwisha hadi leo. Mwenyezi Mungu alipotaka kuikinga bara ile na mawimbi ya ghuba, hakuweka jabali. Aliweka chembe ambayo mtoto huipuliza kwa pumzi kutoka kiganjani.

Na chembe hizo zinaiweza bahari. Mwezi Agosti 1980 kimbunga Allen kilipiga pwani ile ya kusini mwa Texas na kukikatakata kisiwa, kikachimba mifereji mingi kutoka ghubani hadi upande wa pili. Ukuta wa zege ungepasuka ukabaki umepasuka. Mchanga ulikubali kupasuliwa, kisha mikondo ikaurudisha, upepo ukaufukia mifereji, na majani yakaota tena juu yake.

Kati ya mimea inayoshika vilima hivyo kuna mmoja ambao mtu wa pwani yetu atautambua bila kuuliza. Ni mlakasa, ule unaotambaa mchangani wenye maua ya zambarau na jani lililopasuka mfano wa kwato ya mbuzi. Ni mmea ule ule unaotambaa kwenye fukwe za Lamu na Bagamoyo. Mbegu zake huelea, na maji ya chumvi hayaziui. Basi bahari zenyewe zimeupanda katika fukwe za joto kuizunguka dunia yote. Umbali wa Lamu na Texas ni mkubwa, lakini aliyeupanda mlakasa huku ndiye aliyeupanda kule.

Nyuma ya kisiwa, kati yake na bara, kuna wangwa mrefu wa maji uitwao Laguna Madre. Mvua huko ni chache, mito inayoingia ni midogo, na jua ni kali, kwa hiyo maji hupanda kuwa mvuke na kuacha chumvi nyuma hadi wangwa unakuwa na chumvi kuliko bahari yenyewe. Mtu angedhani maji ya namna hiyo ni ya kufa. Kinyume chake, chini yake kumetandazwa nyasi za bahari, na bata wekundu wa kichwa, wale wa Amerika ya Kaskazini, huja huko kwa malaki wakati wa baridi kula mizizi ya nyasi hizo. Wengi mno kati ya bata wa aina hiyo waliopo duniani hutegemea wangwa huo mmoja uendelao hadi Meksiko. Kilichoonekana kuwa kasoro ya maji ndicho kilichowapatia chakula.

Sasa huyu binadamu aliyekuja na hema lake. Kwenye ufukwe wa kusini hakuna bomba, hivyo kila tone la maji ya kunywa amelibeba mwenyewe. Hakuna mti wa kivuli. Baada ya maili tano hivi za mwanzo mchanga hulegea, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hukwama. Upepo wa kusini-mashariki huvuma karibu kila siku. Vigingi vifupi vya hema huung'oa, na mchanga huuingiza katika wali, katika blanketi na katika masikio ya watoto. Kuni ni zile zilizotemwa na bahari, na inaruhusiwa kuziwasha pale pale ufukweni. Aliyezoea bamvua la Tanga au Lamu, linaloacha mashua zimelala ubavu, atashangaa kuona maji ya ghuba hii hayapandi wala kushuka sana. Lakini upepo ukizidi yanaweza kusogea mpaka chini ya vilima, na mwenye kupiga kambi hujifunza kusoma mstari wa mwani mkavu kabla ya kukunjua hema.

Taabu hizi si ndogo, na historia inashuhudia. Mwezi Aprili 1554 merikebu tatu za Wahispania zilizotoka Veracruz zikiwa na shehena ya fedha zilivunjwa na dhoruba kwenye kisiwa hiki. Manusura walidhani makazi ya wenzao hayako mbali, wakaanza kutembea kuelekea kusini kwa miguu bila maji wala chakula, wakishambuliwa njiani. Karibu wote walikufa. Wakati huo huo pwani ile ilikuwa na wenyeji wake, Wakarankawa, waliojua mahali pa kuchimba maji matamu kati ya vilima na majira ya kila samaki. Riziki ilikuwepo, waliotoka merikebuni hawakujua ilipo.

Jua likizama nyuma ya wangwa, kisiwa hubadilika. Kaa wa mchangani, weupe hata hawaonekani wakisimama, hutoka mashimoni kwa mamia na kukimbia ubavuubavu kwenye ukingo wa povu. Mbwamwitu wadogo wa Amerika, koyote, hupita kwenye vilima. Mji wa Corpus Christi unabaki kama wekundu hafifu kaskazini, na kadiri ulivyoendesha mbali ndivyo wekundu huo unavyofifia, hata mbingu zinajaa. Nyota ya kaskazini, ambayo mtu wa Mombasa hawezi kuiona kwa kuwa iko chini ya upeo wake, hapa imesimama nyuzi 27 juu. Na usiku wa Januari au Februari ukitazama kusini utaiona Suheli yetu, ile waliyoijua manahodha wa majahazi, ikipita chinichini, nyuzi kama 10 tu kutoka ukingo wa dunia. Mswahili aliye mbali na kwao akiiona, na aseme Alhamdulillahi au Bwana asifiwe kwa namna alivyolelewa. Taa ile haijawahi kuzimwa.

Asubuhi huonyesha walioingia usiku. Kuna sehemu ya ufukwe, katikati ya hifadhi, ambapo mkondo unaotoka kaskazini hukutana na ule unaotoka kusini, na vyote vilivyobebwa na mikondo hiyo hutua hapo. Makombe hurundikana kwa wingi hata ufukwe huo ukaitwa Big Shell. Pamoja nayo huja mbegu kutoka misitu ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi: nyingine pana za kahawia zenye umbo la moyo, zilizoanguka mtoni, zikaingia baharini, zikaelea miezi mingi, na bado ukizipasua ndani ni kavu na hai. Baharia wa namna hiyo aliyezoeleka zaidi kwetu ni komwe ya kijivu, ile ile ambayo wazee wa Zanzibar huichezea bao. Nayo huokotwa Texas. Ganda lake gumu, na nafasi ndogo ya hewa iliyofungiwa ndani, vimeiwezesha kuvuka maji ambayo merikebu za mwaka 1554 hazikuyaweza.

Mikondo haichagui, na hili linaumiza. Pale pale inapotua mbegu, hutua chupa, kamba za plastiki, ndoo, taa zilizovunjika na kofia za usalama kutoka meli na fukwe za ghuba nzima. Mtu mmoja, Billy Sandifer, aliyekuwa mwanajeshi katika vita vya Vietnam na baadaye mwongoza wavuvi kisiwani hapo, hakuweza kuvumilia. Mwaka 1995 alianzisha kazi ya kuusafisha ufukwe wa Big Shell, na watu wa kujitolea wameiendeleza, wakiingia na malori na kutoka na shehena za taka ambazo si wao waliozitupa. Naona hiyo ni ibada. Kuokota usichokitupa, mahali usipopamiliki, ni kumheshimu Mwenye mahali.

Mwezi Aprili hutua mgeni kutoka juu. Kozi wa tundra, ndege wa mawindo anayeshuka kwa kasi kuliko ndege yeyote, huwa njiani kutoka Amerika ya Kusini kwenda kuzaa katika nchi za barafu za Aktiki. Hukaa kwenye tambarare za mchanga za kisiwa hiki, hula ndege wadogo waliochoka kwa kuvuka ghuba, akijaza mwili kwa safari iliyobaki. Na hao wadogo nao walikuwa wanakitafuta kisiwa hiki hiki kama nchi kavu ya kwanza. Sina maneno ya kulainisha jambo hilo. Riziki ya kozi ni uhai wa mwingine, na hekima iliyopanga hivyo ni kubwa kuliko nafsi yangu inavyoweza kuipima.

Lakini mgeni mkuu wa Padre hutoka majini, naye ni kasa wa Kemp. Ndiye mdogo kuliko kasa wote wa baharini, uzito wake kama kilo 45, mgongo wa kijivu na kijani, na jina lake linatokana na Richard Kemp wa Florida, aliyepeleka kasa huyo kwa wanasayansi hata akaelezwa rasmi mwaka 1880. Kasa wetu wa Kiunga na Mafia hupanda ufukweni kutaga usiku, na wavuvi huwatambua kwa nyayo za alfajiri. Huyu hupanda mchana kweupe. Tena hupenda siku za upepo mkali. Akishamaliza kutaga mayai kama 100 na kuyafukia kwa kuyashindilia kwa tumbo lake, anarudi baharini, na upepo unafuta njia yake yote pamoja na dalili ya shimo. Upepo ule ule uliokesha uking'oa hema la mpiga kambi ndio anaoungoja mama huyu aufiche uzao wake. Nikilitafakari jambo hili, malalamiko juu ya mchanga kwenye wali yanakosa pa kusimama.

Mwaka 1947 mhandisi mmoja wa Meksiko, Andrés Herrera, alipiga filamu kwenye ufukwe wa Rancho Nuevo, jimbo la Tamaulipas, kusini ya Padre. Filamu ilionyesha kasa wa Kemp wakipanda kutaga kwa pamoja, wamesongamana hata wakipandana, na hesabu iliyokisiwa ilifika 40,000 kwa siku moja. Wanasayansi hawakuiona mpaka 1961. Walipokwenda kutafuta, makundi yale yalikuwa yameshapukutika. Mayai yalikuwa yakichimbwa na kusombwa kwa wanyama na malori kwenda kuuzwa, na kasa wakubwa walikuwa wakizama katika nyavu za kuvulia kamba, kwa kuwa kasa huvuta hewa kama sisi. Mwaka 1985 viota vyote vilivyopatikana katika msimu mzima vilikuwa 702. Kiumbe ambaye ghuba ilimjaa akawa anahesabika.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kuanzia 1978 hadi 1988 Meksiko na Marekani zilishirikiana katika kazi iliyohitaji imani kubwa. Kila mwaka mayai kama 2,000 yalichukuliwa Rancho Nuevo. Yalidakwa kwenye mifuko yakiwa yanamtoka mama, yasiguse mchanga wa hapo. Yakawekwa kwenye masanduku yenye mchanga uliotoka Kisiwa cha Padre, yakasafirishwa hadi Padre na kuanguliwa huko. Vitoto viliachwa vitambae vyenyewe ufukweni na kuingia kwenye wimbi, kisha vikakusanywa kwa nyavu ndogo na kupelekwa Galveston kulelewa kwa karibu mwaka mmoja mpaka viwe na nguvu ya kutosha. Tumaini lilikuwa moja: kwamba zile dakika chache za kutambaa zitaandika ndani yao ufukwe huu ni kwao. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Walingoja miaka mingi, kwa kuwa kasa huyu huchukua zaidi ya miaka kumi kukomaa. Msichana mmoja aliyekuja kujitolea akiwa mwanafunzi mwaka 1980, Donna Shaver, alibaki kisiwani na kuja kuwa mkuu wa kazi hiyo, akipita ufukweni msimu baada ya msimu. Mwaka 1996 walipanda kutaga kasa wenye alama za mradi. Walikuwa wameizunguka ghuba yote, wakapita kilomita zisizohesabika za fukwe zenye mchanga usio tofauti kwa macho yetu, wakarudi. Tunajua siku hizi kwamba kasa husoma nguvu ya sumaku ya dunia na kwa hiyo hutambua walipo baharini. Kujua hivyo hakujaniondolea mshangao hata kidogo. Nani alimtia kiumbe mwenye ubongo mdogo namna ile ramani ambayo sisi tuliipata kwa setilaiti?

Mwaka 2017 viota 353 vya kasa wa Kemp vilipatikana katika pwani ya Texas. Ni vichache ukivilinganisha na siku ile ya 1947, na hesabu hupanda na kushuka, lakini ni vya kasa waliorudi. Tangu Aprili hadi katikati ya Julai walinzi na watu wa kujitolea hupita ufukweni kutwa wakitafuta nyayo kabla upepo haujazifuta. Mayai huhamishiwa mahali salama kwa kuwa magari hupita ufukweni na wanyama huchimbua. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia: likizidi huzaliwa majike, likipungua madume. Vikianguliwa, vitoto vya sentimita kama nne hupelekwa ufukweni alfajiri, huwekwa mchangani, na watu husimama pembeni wakiwafukuza shakwe. Hakuna anayeruhusiwa kuvibeba hadi majini. Lazima vitambae vyenyewe, ili ufukwe uandikwe ndani yao. Mara nyingi umma hukaribishwa kushuhudia, kati ya Juni na Agosti, na hata kwa hilo huwezi kujiwekea siku mapema. Vitoto hutoka vinapotoka, na wanaotaka kuviona huamka usiku wakapiga simu ya hifadhi kuuliza kama ni leo.

Wasomaji wetu walioko Houston, Dallas na San Antonio, na najua mko wengi kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, nawasihi mwende na watoto wenu. Nendeni katikati ya juma, mapema, kwa kuwa mwishoni mwa juma la majira ya joto hujaa. Bebeni maji ya kunywa yasiyopungua lita nne kwa mtu kwa siku, kivuli chenu, vigingi virefu vya mchangani, koleo la kulikwamua gari, choo cha kubebeka kama mtalala ufukwe wa kusini, na mifuko ya taka ya ziada. Endesheni polepole, dereva akitazama mchanga ulio mbele na mwenziwe akitazama ukingo wa maji. Mkimwona kasa akipanda, zimeni gari, simameni mbali naye, msimguse wala msimmulike. Akishataga, wekeni alama kando ya kiota bila kuchimba, waiteni walinzi wa hifadhi, na msiondoke hapo mpaka wafike, kwa sababu nusu saa ya upepo inatosha kuwafanya wasikipate tena.